Vumbi Mbele ya Lango la Tazalit

Kwa anayengoja, kila vumbi ni farasi.

Msemo huu ulizaliwa hivi, na nitawasimulia mradi mkae kitako. Mkiendelea kukimbilia barabarani kila mara kumtazamia bwana harusi sitamaliza. Mmeshalipigia vigelegele lori la vitunguu. Mmempigia vigelegele na fundi baiskeli, naye akapunga mkono kwa madaha kama bwana harusi kweli. Bi Sikitu alipowaambia msemo huo mlicheka, halafu Leokadia akaniuliza, "Babu, farasi wametoka wapi? Hapa Ikungi tuna punda."

Umeuliza vema. Farasi hawakutoka Ikungi. Punda wetu wana mambo yao, lakini methali hii si yao. Ilitoka kaskazini kabisa mwa Afrika, kule nyika inakokutana na milima mikavu, zamani za Warumi. Warumi mmewasoma shuleni. Walikuwa watu wa kupigana na kila mtu, na siku wakikosa mtu wa kupigana naye walipigana wao kwa wao ili mkono usipoe.

Ntandu, usinikonyeze. Sikuwapo. Lakini nilisimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mtu asiyejua kusema uongo, nami nimeongeza chumvi kidogo tu, ya kuhifadhia.

Basi, kulikuwa na mji uitwao Tazalit. Ulijengwa juu ya kilima, ukuta wa mawe ukauzunguka, na ukuta wote ulikuwa na lango moja. Chini ya lango palikuwa na mto mkavu, na ng'ambo ya mto ilianza nyika tambarare, haina mti wala kichuguu, mpaka macho yenyewe yanachoka kwenda. Mtu akipiga chafya kule mbali, aliyesimama ukutani aliliona vumbi la chafya yake kabla mwenyewe hajajifuta pua.

Wanaume wa Tazalit walikuwa wapanda farasi. Hawakutumia tandiko wala hatamu. Waliwaongoza farasi wao kwa kifimbo chembamba na kwa kuwaimbia. Walianza kupanda kabla ya kujua kutembea, na inasemekana wako wazee waliofikia uzee bila kujifunza kutembea kabisa, maana hawakuona sababu.

Jemadari wa Kirumi alipokuja kupigana na mfalme mmoja mwasi wa nyikani, alipita Tazalit, akaketi na wazee, akala nyama yao, akasema, "Tuwe marafiki. Ngano ya jeshi langu ikae ndani ya ukuta wenu. Farasi wenu na wanaume wenu waje nami kusini. Nami adui yenu nitamfanya adui yangu."

Wazee walikubali. Wangefanyaje? Jeshi lilikuwa limeshapiga kambi kwenye mashamba yao ya shayiri. Siku ya tatu wanaume wote wenye nguvu wakaondoka na jemadari huku wakiimba, na mzee wa mji, Hiarba, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akasimama langoni akayatazama magunia yaliyorundikwa, akasema, "Rafiki yetu amechukua ngao, ametuachia magunia."

Pamoja na magunia, jemadari aliacha askari wachache, wengi wao wagonjwa wa tumbo, na mkubwa wao aliyeitwa Vibio. Huyu Vibio alikuwa mtu wa makamo, pua yake imebabuka kwa jua la kule hata ikawa nyekundu kama kaa la moto. Mafundi wa mji walisema wangeweza kuitumia kuchomea chuma. Lakini msimcheke sana. Kila jioni alikuwa akiingia ghalani peke yake, anatumbukiza mkono ndani ya gunia, anaiinua ngano na kuiachia imiminike, macho ameyafumba. Alipoulizwa, alisema ngano ya kwao ina sauti ileile. Mzigo wake alikuwa ameufunga tangu siku aliyofika, haukufunguliwa hata mara moja. Alikuwa akilala juu yake.

Mjue pia kwamba ngano ile haikuwa ya Warumi tu. Ndiyo iliyokuwa ikipelekwa kusini kidogokidogo kwa magari ya ng'ombe kuwalisha askari, na waliokuwa wakila pamoja na askari ni waume za wanawake wa Tazalit. Ghala likichomwa, jemadari atarudi nyuma na njaa, na anayerudi nyuma na njaa humwacha rafiki yake nyuma amzuilie adui. Hilo kila mtu mjini alilijua, hata watoto.

Sasa nije kwa Tasila.

Lango la Tazalit lilikuwa na komeo la mti mzima, na mwiko wa mji ulikuwa kwamba komeo lile haliinuliwi ila kwa amri ya mtu wa ukoo wa lango. Mwenye lango wakati ule alikuwa Nabdar. Alipoondoka na wenzake, aliuchukua mkono wa mke wake mbele ya watu wote akauweka juu ya komeo, akasema, "Mkono huu ni wangu." Mke huyo ndiye Tasila. Walikuwa wameoana msimu wa mavuno tu uliopita. Basi mwanamke ambaye hata hajajua mumewe anapenda mboga yenye chumvi kiasi gani akabaki na lango la mji mzima, pamoja na mama mkwe ndani ya nyumba, bibi mmoja aitwaye Zula, ambaye Nabdar alikuwa mtoto wake pekee.

Watu wa Tazalit walikuwa na mambo mawili ambayo lazima niwaambie, maana bila hayo hadithi haisimami.

La kwanza ni hili. Wanaume wakiwa vitani, hakuna mtu mjini aliyeruhusiwa kutamka neno kufa. Si la mtu, si la mnyama. Kuku akifa, alisemwa amechoka. Mtu akichinja mbuzi, alisema amemshauri apumzike. Nasikia palikuwa na bibi mmoja aliyefariki wakati wa vita, majirani wakamlilia siku nzima huku wakimsifu kwa kulala vizuri. Waliamini kwamba anayelitamka neno lile, mauti husikia sauti yake na kuanzia nyumbani kwake.

La pili ni la wanaume wenyewe. Wakirudi kutoka vitani, kama wamepoteza hata mwenzao mmoja, wote walishuka farasi mbali kabisa, ukingoni mwa nyika, wakaja mjini kwa miguu wakiwakokota farasi wao. Farasi wa waliokufa walitangulizwa mbele, manyoya ya shingo yamenyolewa. Hakuna aliyepanda mbele ya mwenzake asiyeweza kupanda tena. Na kwa kuwa vita ni vita, siku zote walirudi kwa miguu. Wanawake walizoea kuwapokea chini, kwenye mto mkavu, na vibuyu vya maziwa, na kila mmoja akihesabu farasi walionyolewa kabla ya kuthubutu kutazama nyuso.

Ila palikuwa na wimbo. Wimbo ulisema kwamba zamani za mababu, safari moja, walirudi wote wamepanda. Wanawake waliuimba wakisaga nafaka.

Miezi ikapita. Habari zikakatika. Magari ya ng'ombe yalikwenda hayakurudi na neno, na kiangazi kikawa kirefu. Mwanzoni wanawake walipanda ukutani jioni tu. Baadaye walipanda na asubuhi. Mwisho walihamishia kazi zao kule juu. Walisukia mikeka ukutani, walinyonyeshea ukutani, waligombania ukutani. Upepo ukiinua vumbi kidogo nyikani, wote husimama. Mchuuzi mmoja wa chumvi aliyelala mjini siku mbili aliona mambo hayo, akayatia moyoni, akaenda zake. Huyo mchuuzi chumvi yake ilikuwa mbaya, na yeye alikuwa mbaya zaidi, maana alikuwa mtu wa yule mfalme mwasi.

Siku moja alasiri, vumbi likainuka kusini.

Halikuwa vumbi la upepo. Lilikuwa refu, jembamba juu, linakuja mbio. Hata mtoto mdogo wa Tazalit alijua kulisoma. Vumbi la watu wanaotembea hulala chini kama blanketi. Vumbi la farasi husimama kama moshi. Hili lilisimama. Mwanamke mmoja akapiga ukelele:

"Wamepanda! Wamepanda wote!"

Nani atausimulia mshindo uliofuata? Watu walishuka ukutani bila ngazi. Mama mmoja alikimbia na kibuyu cha maziwa mkononi na mtoto mgongoni, akafika langoni ndipo akagundua mtoto ni wa jirani. Ule wimbo wa kusagia nafaka ukaimbwa mji mzima, hata na wale askari wagonjwa wasiojua maana yake.

Tasila alikuwa juu ya lango. Aliliona vumbi kabla ya wengine, akashuka ngazi, akaweka mkono juu ya komeo. Na hapo mkono ukasimama.

Mama mkwe wake alikuwa ameshafika, kibuyu kifuani. "Fungua, mkaza mwanangu. Unangoja nini? Maziwa yataganda."

"Mavyaa, wamepanda."

"Si ndiyo! Wamepanda! Husikii watu wanavyoimba?"

"Wetu huja kwa miguu."

"Huja kwa miguu wakiwa..." Zula akalimeza lililobaki. "Leo wamepanda. Fungua."

Mzee Hiarba akasogea. "Binti yangu, iko safari moja walirudi wote wamepanda. Babu yangu alinisimulia."

"Yeye aliwaona, baba?"

"Alisimuliwa."

"Na aliyemsimulia?"

Mzee akakuna ndevu. "Huyo naye sikumuuliza."

Vibio akafika anahema, kofia ya chuma ameivaa kinyumenyume, mzigo wake begani. "Fungua, mama, fungua! Ni jemadari huyo, ameniletea kikosi cha kunibadilisha! Nilijua hatanisahau. Nilijua!" Machozi yalikuwa yakimtiririka kwenye ile pua, na nadhani yalikuwa yakichemka yakifika pale.

"Bwana Vibio," Tasila akasema, "kama si wao?"

"Watakuwa nani basi? Vumbi lile lote!"

Nyuma watu walikuwa wakisukumana. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya kukwangua sufuria akasema, "Anamfungia nani? Aliyeolewa juzi hajui baridi ya kitanda!"

"Labda kitanda chake hakina baridi," mwingine akadakia. "Ndiyo maana hataki mwenyewe arudi."

Wakacheka, cheko la watu wenye furaha, ambalo ndilo baya kuliko yote. Tasila akawageuzia mgongo. Aliweka mikono yote miwili juu ya komeo, na waliokuwa karibu waliona mikono ile inavuta juu, kisha inasukuma chini, kama mikono ya watu wawili.

"Walikwenda vitani," akasema. "Hawakwenda harusini. Huu ni mwezi wa ngapi? Hamwezi kuniambia kwamba kati yao wote..."

Zula akamshika kinywa. Akakishika kwa kiganja chake chenye maziwa. "Usiseme," akamnong'oneza. "Tasila, mwanangu, usiseme. Mimi nina mmoja tu."

Tasila akauondoa ule mkono polepole, kwa heshima. "Nami nina huyohuyo, mavyaa," akasema. Kisha akageuka akawakabili watu, akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: "Kati yao wako waliokufa. Kwa hiyo hawa si wao."

Wimbo ukakatika. Wanawake wakaziba masikio, wengine wakaziba ya watoto. Kibuyu cha Zula kikaanguka, maziwa yakaingia kwenye nyufa za mawe, naye akasimama akiyatazama yanavyopotea, akasema bila kuinua kichwa, "Umemuua. Umemuua mwanangu kwa mdomo wako."

Vibio akawaita askari wake waje wainue komeo. Waliokuwa na nguvu ya kuja wakaja. Lakini mzee Hiarba akaenda akasimama kando ya Tasila, akaegemeza mgongo langoni. "Mrumi," akasema, "komeo hili likiinuliwa na mkono mwingine, hakuna urafiki tena kati yetu na jemadari wako. Na nyinyi wengine, nyamazeni. Mtu amelisema neno lile na mume wake yuko nje. Ameshatoa alichokuwa nacho. Mnataka atoe nini zaidi ndipo mumwamini?"

Wakapanda tena ukutani kungoja.

Vumbi lilikaribia, likafika ng'ambo ya mto, likasimama. Ndani yake walionekana wapanda farasi wachache wakipunga mashuka yanayofanana na ya Tazalit. Walipunga sana. Lakini hawakuimba, na farasi wao walikuwa na hatamu. Vumbi lilipoanza kutua, ikaonekana kilichokuwa kikiliinua: maksai, kundi zima, kila mmoja amefungiwa nyuma kichaka cha miiba akiburura. Mmoja wao, mwenye tamaa, akasikia harufu ya ngano. Akawaacha wenzake, akavuka mto na kichaka chake, akapanda kilima mpaka langoni, akaanza kulikwaruza lango kwa pembe na kulia kwa uchungu kama mtu aliyealikwa akafungiwa nje. Mpaka leo, ukiniuliza ni nani aliyefichua hila ile, nitakwambia ni yeye.

Yule maksai alipovuka mto alikanyaga mtu. Mtu akapiga yowe, akasimama, na kumbe mto mkavu wote ulikuwa umelala watu wenye mikuki, waliojibana chini ya kingo zake tangu usiku, midomo imepasuka kwa kiu. Walikuwa wakingoja wanawake washuke na vibuyu vyao. Wangewapita hao, wangeingia lango likiwa wazi, na ghala lingekuwa majivu kabla ya magharibi. Walipoona wamegunduliwa walirusha mikuki yao ukutani kwa hasira tu, kisha wakaondoka. Hawakuwa na ngazi wala maji. Vibio aliyaona hayo yote kutoka juu, akabadilika rangi mwili mzima, hata pua.

Mtadhani watu walimbeba Tasila mabegani. Hawakumbeba. Ghala lilikuwa salama, watoto salama, lakini neno lilikuwa limeshatamkwa na haliwezi kurudishwa. Wanawake walimpisha kisimani achote peke yake. Zula aliendelea kuishi naye nyumba moja, wakipika chungu kimoja, na hakumsemesha.

Vibio peke yake ndiye aliyemfuata. Alimkuta amekaa chini ya ngazi ya lango.

"Ulijuaje?" akamuuliza.

"Sikujua," Tasila akasema. "Nilitaka kufungua kuliko nyinyi wote. Nilipoona ninavyotaka, nikaogopa."

Mrumi akakaa kando yake. Kisha akasema, "Na mimi nilitaka." Akaondoka zake kwenda ghalani. Msimu ulipogeuka walikuja kweli wa kumbadilisha, naye alipokuwa akiaga alimwahidi Tasila kwamba Roma itamchongea sanamu ya jiwe. Haijafika. Labda iko njiani, mawe ni mazito.

Wanaume wa Tazalit walirudi mvua zilipoanza. Hapo ndipo muone mambo ya dunia: hawakuinua vumbi lolote, kwa kuwa nyika nzima ilikuwa tope. Hakuna aliyewaona mpaka walipokuwa wamefika kwenye mto, wanatembea, wamelowa, wanawakokota farasi. Wengi walirudi. Mbele walitangulia farasi walionyolewa, na kila mwanamke alifanya hesabu yake, na vilio vikaanza huku na huku kama mvua inavyoanza kwenye bati.

Tasila alifungua lango, akasimama pembeni, akawaangalia wote wakiingia. Nabdar hakuwamo. Na farasi wake pia hakuwamo, si miongoni mwa walionyolewa, si miongoni mwa wengine.

Binamu wa Nabdar, Siban, aliyerudi na mguu mmoja usiokunjika, ndiye aliyewaeleza Tasila na Zula. "Ilikuwa ni ile ngano yenu," akasema. "Magari yalipofika kwenye bonde jembamba tulishambuliwa. Nabdar akabaki nyuma na wachache wazuie njia, magari yapite. Yakapita. Tukala siku ile. Tuliporudi kumtafuta tuliikuta miili ya wenzake. Yeye hatukumpata, wala farasi wake, wala hata kifimbo."

"Kwa hiyo?" Tasila akauliza.

"Kwa hiyo sijui, shemeji."

Mila ya Tazalit ilikuwa na njia ya kuwalilia waliokufa na njia ya kuwapokea wazima. Kwa huyu haikuwa na njia. Hapakuwa na farasi wa kunyoa shingo, hivyo hapakuwa na matanga. Tasila hakuwa mjane, na mke wa nani? Komeo alimkabidhi Siban, akisema mkono wake umechoka.

Vita vikaisha, jemadari akarudi kwao kushangiliwa, mfalme mwasi akawa hadithi ya kutishia watoto. Na yule mwanamke aliyelitazama vumbi la farasi wengi akakataa kudanganyika, akaanza kupanda ukutani. Mwanzoni jioni tu. Baadaye na asubuhi. Kiangazi kikija, upepo wa chamchela ukisimama nyikani ukajisokota, yeye hushuka ngazi haraka, ameshika ushungi wake.

"Siban, fungua."

"Shemeji, ni chamchela tu."

"Fungua."

Siku za kwanza Siban alitafuta maneno ya kumpoza. Zilipozidi, akachoka. Na watu wana midomo. Siku moja walikuwapo wengi langoni, wengine waliozaliwa baada ya vita, na Tasila akashuka tena na ombi lake, na mmoja akasema kwa sauti ya kutaka wenzake wasikie, "Ndiye huyu aliyewakatalia watu lango siku ya farasi? Leo anafungulia upepo!" Wakacheka. Siban naye, Mungu amsamehe, alitabasamu, akabaki amekaa.

Tasila akasimama katikati yao, mkono umenyooka kuelekea lango, hajui auweke wapi.

Ndipo Zula akatoka nyumbani. Alikuwa amezeeka sana, anatembea kwa kushika ukuta, na chini ya kwapa amebana kibuyu cha maziwa. Watu wakapisha. Tangu siku ya maziwa kumwagika hakuna aliyewahi kumsikia akiongea na mkaza mwana wake.

"Siban," akasema, "una masikio?"

"Ninayo, mama. Lakini ni upepo. Hata mimi nauona kutoka hapa."

"Nani amekuuliza ni nini?" Alikuwa akihema kwa safari ile fupi. "Siku ile sote tulitaka kufungua. Huyu alitaka kuliko sisi sote, mimi niliishika midomo yake nikasikia inavyotetemeka. Akafunga, kwa ajili yetu. Na mimi nikamwita muuaji, nikamnyima neno miaka yote hii, nami ndiye niliyepaswa kupanda naye kule juu. Sasa simama umfungulie mwanangu. Usimwambie ni upepo, yeye ndiye aliyetufundisha kuusoma. Kwa anayengoja, kila vumbi ni farasi."

Siban akasimama na mguu wake usiokunjika. Akainua komeo.

Wanawake wale wawili wakashuka pamoja mpaka kwenye mto mkavu, mzee amemshika mdogo, au mdogo amemshika mzee, kutoka ukutani huwezi kujua. Chamchela ikaja ikijisokota ng'ambo, ndefu, nzuri, ikasimama mbele yao kama kitu kinachotaka kusema. Kisha ikaanguka, ikawa mchanga.

Walikaa pale kitambo. Halafu Zula akafungua kibuyu, akasema, "Kunywa, mwanangu, yasiharibike," wakanywa kwa zamu, wakapanda kilima kurudi.

Tangu siku hiyo mlinzi yeyote aliyekabidhiwa komeo la Tazalit alipewa maagizo ya adui, ya moto na ya wezi wa mifugo, na mwisho aliambiwa hivi: akija mtu akakwambia fungua, nawe unaona kwa macho yako mwenyewe kwamba ni upepo, usicheke, na usimweleze. Inuka umfungulie. Kwa anayengoja, kila vumbi ni farasi.